Kiti Kisicho na Miguu ya Nyuma

Baba,

Shikamoo. Sitasubiri marahaba, maana hata ulipokuwa hai, ukishika randa ulikuwa huitikii mpaka ubao umalizike. Ninakuandikia hapa karakana, nimekalia ndoo iliyopinduliwa. Karakana ya useremala inayojulikana Rulenge nzima, na hakuna hata kiti kimoja cha kukalia! Kwa nini hakuna, nitafika huko. Nimekasirika, Baba. Nakwambia mapema usije ukadhani hii ni barua ya kulia tu. Kulia nimelia. Sasa nataka tuzungumze.

Tumeondoa matanga yako mwezi uliopita. Walikuja watu wa Ntobeye, watu wa Mugoma, mapadri, na wateja wako wote, ambao mpaka leo sijui kama walikuja kukuombea au kuangalia vitanda vyao vimefikia wapi. Mwalimu Spesioza alinishika mkono akalia kwa uchungu, halafu kabla hajauachia akaniuliza, "Na kile kitanda changu, mwanangu?" Kitanda chake kina ubao wa kichwani na miguu miwili, basi. Kimekaa hivyo tangu ulipoanza wazimu wako wa viti.

Na hayo matanga yenyewe nusura yavunjike. Siyo kwa ajili ya shamba wala migomba. Kwa ajili ya kile kiti. Kwa hiyo nisikilize, mara moja hii, bila kunikatiza.

Siku kilipoletwa naikumbuka kuliko siku ya kipaimara changu. Ulikuwa ule wakati wakimbizi walipotuzidi sisi wenyeji, magari ya mashirika yanapita mchana kutwa na vumbi halipati nafasi ya kutua. Wewe ulikuwa umetoka kwenye majeneza ya kipindupindu ukaingia kwenye meza za ofisi, na vyote viwili vilikuwa vimekuchosha. Ndipo akaja yule mama wa Kizungu tuliyemwita Mama Ramani, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuchora kambi, mahema yakae wapi na vyoo vikae wapi. Akashusha kiti nyuma ya gari. Dereva wake alikuwa amekipanda ili afunge taa, mguu ukatumbukia kwenye kikalio, kikatoboka. Kilikuwa bomba moja tu la chuma linalong'aa, limekunjwa na kukunjwa tena mpaka likawa kiti. Mbele kina miguu. Nyuma hakuna kitu. Hewa tupu.

Alikuonyesha lile tundu, akasema, "Fundi, naomba unitengenezee hapa," akaondoka.

Na wewe ukakizunguka kile kiti mara kadhaa, ukatikisa kichwa, ukasema kwa huruma kabisa, "Maskini, huyu mama ametoka mbali. Miguu ya nyuma imepotea njiani." Hukumuuliza mtu! Kikalio ukampa Mama akisuke upya kwa katani, naye akakisuka vizuri, matundu yamepangana kwa mistari. Wewe ukachonga miguu miwili ya mninga, ukaipiga randa, ukaipiga msasa, ukaifunga kwenye bomba kwa skrubu. Kiti kikasimama imara kabisa, hakitikisiki. Ulivyojivuna! Mama Ramani aliporudi ulimwambia, "Hii miguu ni zawadi, sikudai."

Nilidhani atakushukuru. Alikaa chini, palepale kwenye maranda, akacheka mpaka akatokwa machozi, nawe umesimama na zawadi yako. Alipopata pumzi akatueleza kwamba kiti kile kilichorwa Ulaya kabla mama yake hajazaliwa, kwamba kilikuwa cha bibi yake, na kwamba yeye hukibeba kila nchi anakopelekwa kwenye wakimbizi. Halafu akasema maneno uliyoyarudia mpaka tukachoka kuyasikia: "Waliokichora walihangaika miaka kuiondoa hiyo miguu, fundi, na wewe umeirudisha asubuhi moja."

Mtu mwingine angeona haya kidogo, angefungua skrubu, yangeisha. Wewe ulifungua skrubu, ukakaa. Niliuona uso wako. Kiti kilishuka kidogo, kikakurudisha juu, na wewe ukashika magoti yako kwa mikono miwili kama mtoto aliyepakiwa kwenye baiskeli. Kisha ukasema, "Kinapumua." Tangu siku hiyo sisi wengine hatukupumua tena.

Wanyarwanda walipoanza kurudi kwao, ulikwenda na lori la shirika kupeleka meza, ukarudi na habari za barabarani. Wenzako walieleza mvua na umati wa watu. Wewe ulieleza vigoda. Ulisema umewaona watu wamebeba sufuria, mtoto na kigoda, na ukasema, "Mtu hajui anakwenda kuishi vipi, lakini anajua atakaa juu ya nini." Mama akakuuliza kama umekula. Hukumsikia.

Na Mama Ramani naye alipohamishwa, alipita kuaga, akakuachia kiti. "Kitunze wewe," alisema. "Watu wote hukisifu. Wewe ndiye wa kwanza kukikosoa." Laiti angekuachia hata randa ya umeme! Ukakiweka barazani, kikawa kiti chako, na ile miguu miwili ya mninga ukaitundika juu ya mlango wa karakana, ati ikukumbushe. Mama, ambaye mgongo wake unaujua, akawa anakikalia kila ukitoka, na papo hapo anakilaani. Alikiita mke mwenzake. "Leo mke mwenzangu kaamkaje?" alikuwa anauliza asubuhi, na wewe unajibu kwamba ameamka salama.

Mimi mwenyewe nilikuwa nakikalia usipokuwepo, sasa nakwambia. Na nimejaribu kuelewa kina nini. Ni chuma na katani. Hakina nakshi, hakina maua, hakina hata pembe ya kuwekea mkono. Viti vya misheni ulivyojifunzia kazi vina kila kitu, na ukikaa unakumbuka dhambi zako zote. Kile ni cha zamani kuliko wewe, na kila anayekiona anadhani kimetengenezwa wiki iliyopita. Mtu anakuja kuagiza mlango, anakaa kidogo, anasahau mlango. Padri alikikalia akasema angekuwa na kimoja angesali zaidi. Haya, nakubali, kiti ni kizuri. Umefurahi?

Lakini wewe kukikalia hakukutosha. Ukataka kukitengeneza. Na bomba la namna ile hakuna, hata Mwanza hakuna, kwa hiyo ukataka ukitengeneze kwa mbao. Kiti cha mbao kisicho na miguu ya nyuma! Ukaweka pipa nyuma ya karakana, ukachemsha mbao humo mpaka zilegee, ukawa unazikunja kwenye kalibu, lile gogo ulilolichonga ili ubao ulikumbatie mpaka ukauke. Mkaratusi ukapasuka. Mninga ukapasuka. Kila ukipasuka tunasikia "ta!" mpaka jikoni, na Mama anasema, "Kimekufa kingine." Vilima vyote vimekwanguliwa kuni tangu kambi zije, wanawake wanatembea mpaka wanachoka, lakini kwetu kuni hazikukosekana. Tulipikia viti vyako.

Na nilikuambia! Mama Ramani alitueleza kwamba kwao wanapasua ubao kuwa vipande vyembamba, wanavipaka gundi, wanavikunja pamoja. Nilikuomba tujaribu, nikakubembeleza, mpaka nikakununia. Wewe ukajibu, "Ubao ni mmoja, Editha. Ukiupasua vipande hujaushawishi, umeudanganya." Ukarudi kwenye pipa lako. Kichwa kigumu, Baba, na huo ndio urithi wangu, maana kila mtu ananiambia nimekichukua.

Sasa nifike hospitali. Sitaki, lakini nifike.

Kifua kilikuwa kimekubana, huwezi kusema maneno mengi. Nilikuletea uji, hukuutaka. Ukaniita kwa kidole. Nikainama, nikasema moyoni, haya, sasa atasema jambo. Ataniachia neno kuhusu Mama, au kuhusu mimi. Ukasema, "Kaangalie ule ubao kwenye pipa. Utakuwa umeiva."

Na mimi nikaenda. Tangu nimalize darasa la saba umekuwa unaniambia kaangalie, naenda. Ulikuwa umeiva kweli, na ubao ukiiva hausubiri, unajua mwenyewe. Nikaukunja kwenye kalibu, nikaubana kwa klempu zote, nikarudi mbio hata mikono sijanawa. Nikakuta wamekufunika shuka.

Baba, kwa nini? Mtu anamuaga mwanawe. Anamwambia hata "mtunze mama yako." Wewe, ubao! Hilo ndilo limenikaa hapa kifuani, na ndilo linalonifanya nikuandikie barua badala ya kukaa na rozari kama watu wengine.

Basi, matanga. Mila yetu unaijua: mrithi anakalishwa kwenye kiti cha baba yake mbele ya ukoo, na akishakaa, neno lake ndilo neno la nyumba. Mrithi ni kaka Method, na sina ugomvi na hilo. Ugomvi ni kwamba siku ya mazishi yako, hata udongo haujakauka, Method alisema karakana itakuwa ghala la mahindi. Anaendesha magari ya shirika Ngara, anaona mahindi yanavyotembea kati ya kambi na soko, ameingiwa na biashara. "Karakana haina fundi tena," alisema, na mimi nimesimama mbele yake nimeshika msumeno. Kwa hiyo nilijua. Akikaa tu, nimekwisha. Nitakwenda kuuza nyanya.

Hapo ndipo Baba Mdogo Leonidasi wa Mugoma alipokiangalia kiti kwa mara ya kwanza. Akakizunguka kama ulivyokizunguka wewe, ni damu moja, akasema kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kihangaza, "Hiki ni kirema. Murithi akikaria intebe isiyo na miguu ya nyuma, nyumba nzima itaanguka chali." Wazee wakaitikia. Method akaenda karakana, akaishusha ile miguu ya mninga juu ya mlango, akaifunga. Nilimwangalia anavyofunga skrubu vibaya. Nikamwacha. Nilikuwa nimechoka na kiti, nimechoka na wewe, nimechoka na wao.

Kikawekwa katikati ya ua, kimesimama kwa miguu minne. Method akavaa koti lako. Pombe ya ndizi ikamiminwa, na yeye anakwenda kukaa. Ndipo Mama akainuka kwenye mkeka. "Hicho si kiti cha mume wangu," alisema. "Mimi ndiye niliyekisuka, nakijua. Cha mume wangu kinanesa." Baba Mdogo akamwambia, "Shemeji, kaa, haya ni mambo ya ukoo." Mama akasema, "Basi huyo anayemrithi ni fundi mwingine, mwenye kiti cha miguu minne. Wangu simwoni hapo."

Wazee wakaangaliana, maana mila ni kiti cha marehemu kama alivyokiacha, haimruhusu mtu kukibadilisha. Ikawabana wao wenyewe. Wakageuka wote wakaniangalia mimi, na mimi nikatoa bisibisi kwenye kitenge. Usiniulize kwa nini nilikuwa na bisibisi matangani. Wewe ndiye uliyenilea.

Nikaifungua miguu. Method akakaa.

Unaujua mwili wake. Kiti kilishuka, wanawake wakapiga ukelele, halafu kikamrudisha juu polepole. Na mikono yake, Baba, ikaenda ikashika magoti. Yote miwili. Hakuna aliyemfundisha, hajawahi kukikalia hata siku moja, alikuwa anaona haya watu walivyokucheka kwa ile miguu. Akakaa hivyo. Halafu mabega yakaanza kutikisika. Hakuwa amelia tangu mazishi, hata kidogo, na sasa analia na kiti kinanesa naye, kadiri anavyolia ndivyo kinavyonesa, na hakuna mtu aliyejua kama ni heshima kukishika. Tukakiacha.

Ningekuwa mtu mwema ningeishia hapo. Lakini nasema yote. Alipomaliza kulia hakutaka kuinuka! Baba Mdogo akasema ngoja nijaribu, nione kama kweli kinaangusha. Akakaa. Akasema, "Kumbe." Akaomba aletewe pombe yake hapohapo. Tulimtoa jua limeshaegemea, na mpaka anaondoka alikuwa anageuka kukiangalia.

Kesho yake asubuhi Method alikuja hapa na funguo za karakana mkononi. Nikajua ni mahindi. Akasema, "Editha, kiti nakipeleka kwangu Ngara. Ni haki yangu." Ni haki yake kweli. Mama alikuwa mlangoni, akainamisha kichwa. Sijui maneno yangu yalitoka wapi. Nilimwambia, "Chukua kiti. Niachie karakana." Akaangalia karakana, akaangalia kiti, na Mungu ni shahidi yangu, hakufikiri sana. "Sawa," alisema. Akaweka funguo kwenye benchi, akakifunga kiti juu ya gari, akaondoka. Na neno la mrithi ndilo neno la nyumba.

Unaona ulivyonifanya? Kiti kilichoiua kazi ndicho kilichoiokoa. Nataka kukasirikia kimoja na nishukuru kingine, na ni kitu kilekile. Na sasa Baba Mdogo ameagiza kiti. Padri ameagiza kiti. Mwalimu Spesioza anasema kama kitanda kitachelewa, si vibaya nikianza na kiti. Watu wote wanataka kiti ambacho wewe mwenyewe ulikufa hujakiweza, na hakuna anayeniuliza kama mimi nakiweza. Mama naye akawa anazunguka na mgongo wake, anakaa kwenye ndoo, anainuka, anasema amemkosa mke mwenzake. Baada ya miaka yote ile ya kumlaani!

Wakati wa matanga hatukufanya kazi, kwa hiyo kalibu ilikuwa imekaa vilevile nilivyoiacha siku ile. Niliifungua nikijua nitakachokiona. Nikalegeza klempu moja, nikalegeza nyingine, nikapitisha kidole kwenye mkunjo nikitafuta ufa. Nikapitisha tena. Baba, hakuna ufa. Ubao mmoja, mzima, umekunjika kama ulivyotaka, ni uleule ulionituma nikauangalie. Nilikaa chini kwenye maranda nikakutukana. Nikakutukana vizuri, kwa Kihangaza, mpaka Mama akaja kuuliza nagombana na nani.

Lakini ubao mmoja si kiti. Kiti kinataka mbao mbili, wa kulia na wa kushoto, na wewe uliniachia mmoja. Nimechemsha mwingine, ta! Mwingine, ta! Tumepikia maharage. Mwisho nikafanya ulichonikataza. Nikapasua vipande vyembamba, nikavipaka gundi, nikavikunja kwenye kalibu yako kwa klempu zako, nikakuomba msamaha kidogo, si sana. Imeshika. Mama akasuka kikalio kwa katani. Upande wa kulia ni wako na upande wa kushoto ni wangu.

Jana Mama alikikalia. Kikashuka, kikamrudisha. Akafumba macho. Nikawa nimesimama na gundi kwenye kucha nasubiri aseme. Akasema, "Kinaegemea."

Kweli kinaegemea. Upande wako unanesa zaidi, wangu ni mgumu. Nikamwambia ainuke nipunguze wangu kwa randa, ni kazi ya muda mfupi. Akakataa. Akasema, "Kiache. Hata kitandani alikuwa analala upande huo." Akaendelea kukaa, ameegemea huko kwako, na mimi nikatoka nje nikajifanya natafuta msasa.

Kiti amekihamishia barazani. Ndiyo maana hapa karakana hakuna kiti.

Haya, Baba, pumzika. Nakuahidi kitanda cha Mwalimu kwanza, neno langu hilo, nitakimaliza kabla sijagusa kingine. Viti vya watu nitavitengeneza kwa gundi, na ukasirike ukitaka. Ile miguu ya mninga nimeirudisha juu ya mlango. Mama nitamtunza, hilo hukuniambia lakini nimelisikia.

Nikuache sasa. Kuna ubao kwenye pipa, mmoja tu, wa kujaribu, na utakuwa umeiva.

Binti yako,
Editha